Kigelegele Kilichokatika

Mtu akiniuliza nini kilinifanya nitake kuacha sigara, huwa anatarajia nimjibu kwa jambo zito. Anataka nimwambie kwamba niliota kaburi langu, au nilisikia mawaidha ya Ijumaa nikaangua kilio. Wapi! Nilitaka kupiga kigelegele. Cheka tu, hata nesi aliyekuwa ananipa dawa alicheka mpaka akavua miwani.

Naandika haya kifua changu kikiwa kizima, alhamdulillahi. Namwandikia binti ambaye sasa hivi yuko nyuma ya choo cha bweni na fegi mkononi, anakohoa, na hajui aanzie kwa nani. Sikuandikii kama daktari, mwanakwetu. Nilichosomea mimi ni mabenchi ya hospitali na ukaidi wangu mwenyewe.

Naitwa Somoe. Kwetu ni Mingoyo, ila si pale njia panda penye maduka. Nyumba yetu imeingia ndani, upande wa mikorosho. Tunaishi Baba, Mama na Bibi mzaa baba, na dada yangu Zainabu kabla hajaolewa. Bibi ndiye aliyenifundisha kigelegele nikiwa mdogo sana. Alikuwa ananishika tumbo na kusema, "Pumzi itoke hapa. Ulimi kazi yake kucheza tu." Nikakipata. Kikawa kirefu, kinapanda, kinashuka, kinapanda tena, na ukidhani kimekwisha, bado. Kila penye harusi, kina mama walikuwa wananisukuma mbele: "Yuko wapi mjukuu wa Bibi Hadija? Aje atufungulie!" Sina sura ya kusifiwa, na darasani nilikuwa wa katikati. Kigelegele ndicho kilichokuwa changu.

Sigara nilianza kidato cha pili, bweni, Lindi mjini. Rafiki yangu Rukia alikuwa ananunua moja moja kwenye kibanda na kuzificha kwenye soksi. Nilipovuta mara ya kwanza nilikohoa mpaka machozi yakanitoka, Rukia akaniambia, "Utazoea." Nikazoea kweli. Baadaye ikawa siku isiyo na fegi haina ladha. Tulikuwa tunatafuna majani ya mpera ili mdomo usinuke, tunajipaka mafuta ya nazi mikononi, tunajiona wajanja kuliko matroni. Mwalimu aliwachapa wenzetu waliokamatwa. Ustadhi wa shule alitueleza hukumu yake. Kwenye pakiti kwenyewe imeandikwa kwamba inaua. Ukiwa na miaka kumi na sita kufa ni kwa wazee, bwana. Maneno yote hayo yalipita sikio moja yakatokea la pili.

Mwezi wa sita nikaja likizo, na kwetu mwezi wa sita ni salfa. Asiyekulia kwenye mikorosho nimweleze kidogo. Mikorosho ikitaka kutoa maua lazima ipuliziwe dawa ya unga, rangi ya njano, ili ukungu usile maua. Inapuliziwa alfajiri, umande ukiwa bado kwenye majani, unga ushike. Baba anabeba mashine mgongoni, inanguruma, sisi wengine tunabeba mifuko na kummiminia. Umejifunga kanga puani lakini wapi, unga unaingia tu. Macho yanawaka, koo linawasha, na kwa miezi miwili mitatu kijiji kizima kinakohoa. Msikitini wanakohoa, dukani wanakohoa, hata mbuzi wanapiga chafya. Mtu akikohoa mbele yako humwambii pole ya ugonjwa. Unamwambia, "Salfa hiyo," naye anajibu, "Salfa," basi mmesalimiana.

Kwa hiyo nilipokohoa hakuna aliyeshtuka. Mama alinipa maziwa, maana kwetu maziwa ndiyo yanayoosha salfa kifuani. Nikanywa. Nikakohoa zaidi. Akaniongezea. Usiku nilikuwa naamka shuka limelowa jasho, asubuhi nalianika mapema kabla ya watu. Mifupa ya shingo ikatokeza. Zainabu akasema kwa utani, "Somoe anataka kuwa mwembamba kunipita kwenye picha za harusi yangu." Tukacheka.

Shule ikafunguliwa, Mama akanizuia nyumbani mpaka kikohozi kitoke. Salfa ikaisha. Maua yakawa mabibo, mabibo yakaanza kuanguka, tukaingia kuokota korosho. Kijiji kizima kikanyamaza kukohoa. Nikabaki mimi peke yangu.

"Hii ya kwake imekaa," Baba akasema siku moja, anaangalia chini. "Nilimsimamisha upande unaokuja upepo."

"Itatoka," Mama akamjibu upesi mno.

Kwetu harusi hungoja korosho ziuzwe. Zainabu aliolewa na kijana wa Mtanda, kule Lindi mjini, fundi wa vyerehani, mtu mpole anayecheka kabla hujamaliza kisa. Siku hiyo wanaume walikuwa kwenye ukumbi wa mbele na shehe, sisi wanawake ndani na bibi harusi, tunasikiliza mlangoni mpaka mjumbe aje na neno: imefungwa. Hapo ndipo kigelegele cha kwanza kinapopigwa, na wote wanafuata. Cha kwanza kilikuwa changu, hilo halikuwa na mjadala. Nilikuwa mdogo wake Zainabu, tena nilikuwa mimi.

Mjumbe akaja. "Imefungwa!"

Nikafungua mdomo. Kikatoka, kikapanda, na pale pa kuteremka ili kipande tena, pumzi haikuwepo. Nimeivuta sijaipata. Badala ya kigelegele kikaja kikohozi, kikohozi gani, kile cha kukukunja kama kisu cha kukunja. Shangazi mmoja mwenye akili akapaza chake haraka kuziba lile pengo, wengine wakamfuata, chumba kikajaa kelele za furaha. Mimi niko chini, kanga mdomoni. Nilipoitoa niliona damu, si nyingi, lakini damu haitaki wingi.

Zainabu aliniona kupitia ukaya uliomfunika uso. Siku ya harusi yake dada yangu alilia, na watu wakadhani analia kwa kuondoka nyumbani.

Kilichoniuma mimi, nikwambie ukweli wangu wote, si damu. Damu iliniogopesha, ndiyo. Kilichoniuma ni lile pengo. Bibi alikuwa ameketi pembeni, na kigelegele kilipokatika alinyanyua kichwa kama mtu aliyesikia kitu kinavunjika jikoni.

Kesho yake, mapambo ya harusi hayajashushwa, tukaenda hospitali. Baba alikaa nje, chini ya kivuli cha ukuta, kofia mkononi. Ndani tuliingia mimi na Mama. Benchi la watu wa kifua liko kando, karibu na dirisha, na kila mtu kavaa barakoa. Ukikaa pale unaona wanaopita wanavyozunguka mbali, wengine wanajifanya wanasoma mabango ukutani. Nikapewa kikopo cha makohozi. Jamani, kukohoa makusudi ndani ya kikopo, nje, watu wanapita! Siku zote nakohoa bila kutaka, siku nimetakiwa, kifua kikaona haya.

Nesi, mama wa makamo mwenye miwani iliyofungwa uzi, aliuliza maswali. Alipofika kwenye "Unavuta sigara?" Mama akadakia.

"Mwanangu ni wa salfa, nesi. Tunapulizia kila mwaka."

Nesi akaniangalia mimi, si Mama. "Mama, hebu tusubiri nje kidogo."

Mama akatoka. Nikasema. Sauti yangu ilikuwa ndogo hata mimi mwenyewe sikuisikia vizuri, lakini nesi aliisikia. Hakunigombeza. Akaandika, akauliza tangu lini, akaandika tena. Majibu yalipotoka yalikuwa kifua kikuu. Akanieleza kwamba ugonjwa huo haukuletwa na sigara, lakini sigara ilimfungulia mgeni mlango na kumwekea kiti. "Dawa itamtoa," akasema. "Ila ukiendelea kumwekea kiti, anaweza kurudi." Nikatikisa kichwa kama anayeelewa. Nilikuwa nafikiria namna ya kumwambia Mama.

Nilimkuta amesimama kwenye korido, pochi ameikumbatia. Kabla sijafungua mdomo akasema, "Sigara."

"Mama..."

"Hijabu zako likizo anafua nani? Nimeolewa kwenye salfa, Somoe. Harufu yake naijua kuliko ya manukato yangu. Ile haikuwa salfa."

"Kwa nini hukusema?"

Akaifungua pochi, akaifunga. Kisha machozi yakamtoka. "Nilikuwa namwomba Mungu iwe salfa."

Basi ndivyo tulivyokuwa. Mimi nimejificha nyuma ya salfa nisijulikane, Mama naye amejificha hapo hapo asijue. Wahenga walisema mficha maradhi kilio kitamuumbua, na sisi kilichotuumbua ni kigelegele.

Nje, Baba alisimama alipotuona. Kucha zake bado zina njano ya salfa ya miezi mingi. "Nimemuua mwanangu," akasema. "Semeni tu. Nimemuua kwa salfa." Mama akamwambia pale pale, hakuzunguka: kifua kikuu, kina dawa, tena mwanao anavuta sigara. Loo! Uso wa Baba ulifunguka kwanza, kama mtu aliyetuliwa mzigo. "Si salfa?" Si salfa. "Alhamdulillahi!" Akapiga hatua mbili tatu za furaha kuelekea kwenye geti, ndipo lile neno la pili likamfikia. Akageuka. "Anavuta nini?" Siku tatu hakusema na mimi. Lakini kila asubuhi dawa zangu alizileta yeye mwenyewe, na maji, anaweka mezani, anakohoa kidogo kuniamsha, anaondoka.

Dawa ni kila siku, na ni miezi. Nikwambie ukweli ambao mimi nilimshukuru nesi kwa kuniambia mapema: mkojo utageuka rangi ya machungwa. Usipige kelele. Mimi niliambiwa, na bado nilipiga kelele. Viungo viliuma kama vya bibi wa miaka mingi. Ngozi iliwasha. Nilipewa chumba peke yangu, dirisha wazi usiku na mchana, kikombe changu na sahani yangu. Nyumbani wote wakapimwa, na siku ya majibu yao ndiyo siku niliyoogopa kuliko zote. Nilikaa kwenye lile benchi nikasoma kila sura niijuayo. Wote wazima. Bibi alipoambiwa hana kitu alimjibu nesi, "Nilikwambia mapema, ukakataa kunisikiliza."

Majirani walisema yao. Wengine walisema ni ule ugonjwa mwingine, wakati nilishapimwa na sina. Wengine waliacha kupita uani. Rehema zenyewe zilikuwa ndogo ndogo na zilitoka upande nisioutazama. Kwenye benchi kulikuwa na mzee mmoja wa Njinjo, amehamia kwa mwanawe ili awe karibu na dawa. Kila tukikutana siku ya kupimwa uzito aliuliza benchi zima, "Leo nani kanenepa?" Aliyenenepa anapigiwa makofi, polepole, tusije tukafukuzwa. Siku yangu ya kwanza kupigiwa makofi nilirudi nyumbani nikala wali nikarudia, nikarudia tena, Mama amesimama mlangoni ananitazama ninavyokula, hasemi kitu, anafuta macho kwa ncha ya kanga.

Na sigara? Mwanzoni haikunisumbua. Mgonjwa hasa hana hamu hata ya maji. Nesi alinionya: "Usijisifu. Ukipata nafuu ndipo itakapokuita." Nikapata nafuu, ikaniita, tena kwa jina langu kamili. Nikiona moshi wa kuni najongea. Nikisikia kiberiti moyo unadunda. Nilikuwa mkali, namgombeza kila mtu, kisha nalia. Hakuna aliyeniambia kwamba kuna kipindi unapona kifua na huku unaumwa hamu.

Ramadhani ikaingia. Mimi nilikatazwa kufunga kwa sababu ya dawa, nikawa nakula chakula cha mchana nyuma ya jiko kama mwizi. Mtoto wa jirani aliniona na muhogo, akaenda kutangaza kwamba dada Somoe hedhi yake haikatiki. Mungu amsamehe.

Sasa Bibi. Bibi yangu ni mtu wa ugoro. Ana kikopo cha bati anakilaza chini ya mto, na kutwa nzima kaubana kidogo chini ya mdomo. Ramadhani hauugusi mchana, na hapo ndipo unapomjua. Kuanzia adhuhuri anagombana na kuku. Alasiri anagombana na marehemu babu. Magharibi ikiadhiniwa anafungua kwa tende moja, maji, kisha kikopo, ndipo anakuwa binadamu.

Siku moja mchana hamu ilinizidi nikaona mbingu zimeinama. Mama hayupo, Baba yuko shamba. Bibi amelala. Nikaingiza mkono chini ya mto wake, nikatoa kikopo, nikaenda nacho uani. Nilifikiri tumbaku ni tumbaku. Nikajaza puani kama nilivyomwona yeye akifanya akiwa na mafua. Yarabi! Nilipiga chafya nyumba ikatikisika, nikapiga nyingine, uani pakazunguka, nikatapika muhogo wote kwenye mche wa mpilipili. Nilipoinua kichwa Bibi amesimama mbele yangu, mkongojo juu.

"Mwizi! Mwizi wa mchana, mwezi mtukufu!"

"Shikamoo, Bibi," nikasema, maana sikuwa na neno jingine.

"Marahaba! Nipe kikopo changu!"

"Bibi, na wewe unatumia tumbaku!" Nililia kama mtoto. "Kila siku mnanisema mimi. Mbona wewe husemwi?"

"Mimi mtu mzima. Mdomo huu umezika watu."

"Basi acha kama ni rahisi!"

"Nani kasema ni rahisi?" Akaketi kwenye kinu, pumzi zinampaa. "Unadhani mimi naipenda mchana huu? Tangu alfajiri kichwa kinagonga."

"Sasa mbona unaweza? Mwezi mzima, kila mchana, unaweza."

"Mchana nimenuia," Bibi akasema. "Nikinuia wakati wa daku, ni neno baina yangu na Mungu. Nitaumwa, nitagombana, lakini sitakula."

"Basi nuia na usiku."

Aliniangalia sana. Nikadhani ule mkongojo sasa unashuka. Akasema, "Wewe unataka kuacha kwa sababu gani? Usiniambie kwa sababu ya nesi. Sababu ya nesi haifiki jioni."

Nikamwambia. Sikuwa nimemwambia mtu. Nikamwambia kwamba kila nikifumba macho nasikia pale kilipokatika, mbele ya watu, mbele ya Zainabu. Kwamba nataka kigelegele changu. Bibi hakucheka. Akachezesha kile kikopo mkononi, akakifunga vizuri.

"Nami nilisikia," akasema. "Sikulala siku ile. Haya. Nakupa neno langu, na mimi neno langu silirudishi. Siku nitakayokusikia umepiga kigelegele kikafika mwisho wake, bila kukatika, kikopo hiki nitakizika. Nitakichimbia shimo kwa mkono wangu mwenyewe."

"Kweli, Bibi?"

"Kweli. Ila sitakizika kwa kifaranga. Nataka kigelegele."

Usiku ule, watu walipoamka kula daku, nami niliamka. Mama akashangaa: "Wewe hufungi, kalale." Nikakaa. Nikala nao. Kisha nikanuia moyoni kufunga sigara mpaka magharibi. Ndiyo hivyo tu. Sikujiambia maisha yangu yote, maana maisha yote ni marefu mno kwa mtu mwenye hamu. Mpaka magharibi. Magharibi ikifika nanuia mpaka daku. Mchana mimi na Bibi tulikaa baraza moja, wote tumenuna, wote vichwa vinagonga, tunagombana na kuku wale wale. Baba alipita akatuona akageuza njia. Ramadhani ile ilinifundisha kwamba hamu nayo ni kama njaa: inapanda, inakusumbua, na usipoijibu inachoka, inakaa chini.

Baada ya Idd shule ilinikubali, lakini Baba alikataa bweni. Nikahamia kwa Zainabu, Mtanda, nikawa natoka hapo kwenda shule. Zainabu alikuwa mjamzito, na mimba ile ilimpa pua ya ajabu. Kila nikirudi ananisimamisha mlangoni ananinusa kichwa mpaka viatu. "Ingia," anasema. Rukia alikuja kunitembelea mara moja, soksi zile zile. Akanikaribisha nyuma ya nyumba. Nikamwambia, "Mpaka magharibi siwezi." Akasema, "Na baada ya magharibi?" Nikamwambia, "Hapo nanuia tena." Akanitazama kama mtu aliyechanganyikiwa, akaondoka. Sikumchukia. Namwandikia hata yeye.

Masika ikamalizika na dawa zangu zikamalizika. Makohozi yakapimwa, safi. Nesi akanishika mkono akasema, "Nenda, sitaki kukuona hapa." Neno zuri kuliko yote niliyoambiwa mwaka ule. Nikamsimulia habari ya kigelegele, ndipo alipocheka mpaka akavua miwani. "Basi kipige tukisikie!" akasema. Nikashindwa. Niliogopa.

Na hapo kuna tatizo ambalo mtu wa mbali hatalielewa. Kigelegele huwezi kukifanyia mazoezi. Nilijaribu mara moja tu, likizo ya mwezi wa sita, peke yangu katikati ya mikorosho, nikadhani niko mbali na watu. Sijafika hata nusu, naona wanawake watatu wanakuja mbio, majembe mikononi, wanahema: "Kuna nini? Nani kaposwa? Zainabu kajifungua?" Nikasema hamna kitu. Wakanisonya wakarudi. Kigelegele ni habari. Huwezi kutangaza habari ambayo haipo. Jioni Bibi akaniambia, "Nimesikia kifaranga huko," akachukua ugoro wake akabana mdomoni, tena mbele ya macho yangu. Nililala na hasira.

Mwaka ule Baba hakunikaribisha kwenye salfa. Nilikaa mbali, nikawasikia alfajiri mashine inanguruma, kisha kijiji kikaanza. Msikitini wanakohoa, dukani wanakohoa. Mama anakohoa, Baba anakohoa. Mimi kimya. Nilikuwa nakaa uani najisikiliza. Pumzi inaingia, inafika chini kabisa, inatoka. Niliisikia harufu ya maua ya mikorosho, ile tamu tamu ya asubuhi, nikajiuliza ilikuwa wapi miaka yote ile. Nililia kwa raha, nakwambia, mtu mzima na akili zangu.

Zainabu alishikwa na uchungu salfa ikiwa bado haijaisha. Mama akatoka Mingoyo na kanga zina vumbi la njano, mimi nimesharudi Mtanda, tukakutana hospitali. Benchi jingine safari hii, la wazazi, na wanaopita hawazunguki mbali, wanakusalimu. Shemeji anatembea huku na huku, hacheki kisa chochote. Mchana ukapita, jua likaanza kulegea. Mimi na Mama tumeshikana mikono, naye anakohoa salfa yake.

Mlango ukafunguliwa. Nesi kijana akasema, "Wa Zainabu? Binti. Wote wazima."

Mama akasema alhamdulillahi akakaa chini sakafuni. Mimi nikafungua mdomo, na nesi akaniona, akanyoosha kidole: "Dada! Hapa wodini, si harusini. Nje!"

Nikatoka mbio. Nikapita korido, nikapita lile benchi letu la dirishani lenye watu wengine sasa, nikafika getini. Mama anakuja nyuma, simu sikioni, anampigia Bibi, anapiga kelele kama kawaida ya kuongea na Bibi: "Amejifungua! Binti! Ndiyo, wazima! Subiri, Mama, subiri usikate!" Akaninyooshea simu mdomoni.

Sikufikiria. Pumzi ilitoka pale Bibi aliponishika nikiwa mdogo. Kikapanda. Kikashuka, na pale pa kushuka, pale pale palipokatika, pumzi ilikuwepo. Kikapanda tena. Askari wa geti alisimama. Kikaenda, kikaenda, mama muuza maandazi ng'ambo ya barabara akanidakia, na mwingine, na mwingine ambaye simjui hata leo, wanashangilia mtoto wasiyemjua. Changu kikafika mwisho wake, kikaisha chenyewe, kwa hiari yake.

Nikaweka simu sikioni. Nikasikia kuku wetu kwa mbali.

"Nani huyo?" Bibi akauliza.

"Mimi, Bibi. Somoe."

Nikasikia anavuta kamasi, nikajua analia, na Bibi akilia hapendi ujue. Kisha akakohoa kidogo, kikohozi cha salfa, akasema kwa ile sauti yake ya kugombana:

"Mwulize mama yako jembe ameliweka wapi."